Ukuta Ulioweka Mkono Nyuma

Langoni, Lamu
Mfungo Tano, 1376

Kwa dada yangu Bi Tima binti Barka, Kibokoni, Mombasa.

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji yangu Bwana Mohdhar na watoto wote, na Mola awaweke katika afya kama ninavyowaombea kila nikikunja msala. Nataraji goti lako limepoa na bado unalikanda kwa mafuta ya simsim kama Mama alivyokuelekeza. Sisi huku tu wazima. Mke wangu Kadija hajambo, watoto hawajambo, na Mama hajambo pia. Kikohozi cha kusi kimemwacha na sauti yake imerudi, majirani wote wameisikia. Nakwambia mapema kuwa Mama ni mzima na nimemwona kwa macho yangu, ili uyasome yanayofuata bila ya kuruka mistari, maana naujua usomaji wako.

Barua yako imenifikia kwa mkono wa Kamaludin. Mistari minne, Dada, na yote ya amri. Umesikia kuwa nimeuvunja ukuta wa mbele ya nyumba ya Mama kwa nyundo yangu mwenyewe, mbele ya watu waliokuwa wakitoka kusali Ijumaa. Umesikia kuwa nimemwita Fundi Bwanamkuu mwizi wa saruji. Umesikia kuwa Mama amenifungia mlango. Yote matatu ni kweli. Kisha ukaniandikia: nenda kaombe radhi, urudishe ukuta ulivyokuwa, na usiulize. Mimi sikwenda, sikurudisha, na nimeuliza. Sasa tulia nikueleze, kwa sababu waliokupelekea habari wamekupelekea nusu, na nusu yenyewe ni ile yenye kelele.

Tuko wawili tu kwa Mama, wewe wa kwanza na mimi wa pili, na heshima yako sijaivunja hata siku moja. Lakini kuna jambo nimelihesabu tangu utoto. Paa likivuja, huitwa Jeilani. Mlango ukikwama, huitwa Jeilani. Likija neno la kusemwa kwa sauti ya chini, Jeilani huambiwa akacheze nje. Ndevu zimeshaingia mvi na bado nachezeshwa nje. Wewe ulisomeshwa kwa mwalimu, ukaolewa Mombasa. Mimi nilisomeshwa na boriti: nilisimama bandarini nikihesabu korija, ishirini ishirini, mpaka nikaweza kuliangalia lundo na kutaja idadi yake kabla halijashushwa. Nilipofika huko kwenu kufanya kazi ya gati, nikamhudumia Kalasinga mmoja mjenzi aliyekuwa akinipa mahesabu yake ya kuta nimjumlishie, nami nikawa siridhiki na jumla, nataka kujua zile namba zimetoka wapi. Ndivyo nilivyojifunza kuta. Hakuna mtu aliyenipa elimu hiyo, kwa hiyo hakuna mtu wa kuniambia niirudishe.

Sasa ukuta. Ule wa zamani wa mawe uliangukia baharini kusi la mwaka jana, hilo unalijua, na tangu hapo kila bamvua maji makubwa yalikuwa yakiula ua wa Mama na wa majirani wawili. Wenye nyumba tatu wakanitaka niwachoree mpya. Nikachimba shimo la kujaribia, nikakuta kuwa pale tunapopaita nchi kavu si nchi. Ni majivu ya wazee wetu, magamba ya chaza, vigae, na chini yake tope linalomeza fimbo nzima. Udongo wa kuzuiwa ni futi tisa kwenda juu. Watu hudhani udongo wa futi tisa husukuma kidogo tu kuliko wa futi sita. Haiwi hivyo. Urefu ukizidi mara mbili, msukumo huzidi mara nne, na nguvu ya kuupindua ukuta huzidi mara nane. Ukiujibu msukumo huo kwa uzito wa mawe, mawe yenyewe yatazama topeni, na yataanzia kuzama upande wa bahari.

Kwa hiyo niliwachorea ukuta mwembamba wa zege na nondo, na nikawaeleza barazani kwa mfano ambao hata mtoto ataushika. Huo ni mtu aliyekaa kitako, mgongo kaupa bahari, miguu kainyosha chini ya udongo wa uani. Udongo unamsukuma kifuani aende chali baharini, lakini udongo huo huo umemkalia miguu, basi hawezi kwenda. Anayekusukuma ndiye anayekushika. Na ili asizame pamoja na mzigo wake, chini yake zinashindiliwa nguzo za mkoko, safu mbili, mpaka nyundo igote na nguzo isishuke hata upana wa kidole. Vichwa vya nguzo nikasema vikatwe chini ya tope, kwa sababu mti uliozikwa topeni hauozi wala hauliwi na wadudu wa bahari; unaoliwa ni ule unaopata hewa.

Barazani wakapata la kuzungumza. Fadhil muuza kahawa akasema kuta za Lamu zote zimesimama, isipokuwa wa Jeilani, ambao hata haujajengwa umeshakaa. Wengine wakauliza kama utaletewa mkeka na mto. Nikawaacha wacheke, mchoro ulikuwa umeshakubaliwa na wenye nyumba na ofisi ya Bwana DC, na Fundi Bwanamkuu, aliyejenga nusu ya mtaa huu, alikuwa ameshika mwiko.

Nguzo zilipungua, nikapanda mashua mwenyewe kwenda Mkokoni kuchagua nyingine, kwa sababu mtu akikuchagulia nguzo hukuchagulia iliyo karibu na maji. Niliporudi nikakuta kipande cha mbele ya nyumba ya Mama kimeshamwagwa zege na mbao zimeshatolewa. Nikakiona kinene. Nikachukua ufito wa chuma, nikauchomeka udongoni nyuma ya ukuta kutafuta miguu. Ukazama. Nikasogea, ukazama tena. Miguu haikuwepo.

Nikamwuliza Fundi. Akanijibu taratibu, huku anausafisha mwiko, kuwa saruji haikupotea hata kibaba. Ile ya miguuni ameipandisha kiunoni, na ukuta wenye kiuno hauna haja ya kujinyosha kama mzee aliyeshiba. Watu wakacheka. Nikamwambia kuwa kiuno bila miguu ni gunia, na gunia likisukumwa huanguka. Akasema nyumba zote hizi zina kuta nene na zimewazika waliozijenga. Ni kweli, nikamwambia, kwa sababu kuta hizo zinabeba dari, na dari inashuka wima. Udongo unakuja kwa ubavu. Hakunijibu. Na hilo ndilo lililonipandisha hasira, Dada, maana Bwanamkuu si mtu wa kukosa jibu. Nikaona amenyamaza kama mtu aliyeficha kitu, nikadhani kilichofichwa ni saruji. Nikalitamka. Kisha nikachukua nyundo. Zege lilikuwa bado bichi, na mimi nilikuwa nimeiva.

Jioni Mama akamtuma Kadija aniambie kuwa mvunja ukuta asikanyage kizingiti chake mpaka amwombe radhi Fundi na kiuno kirudi kama kilivyokuwa. Nikashangaa. Mama na kiuno cha ukuta wapi na wapi? Barua yako ikaja nyuma yake na maneno yale yale, kama mliyaandika kwa wino mmoja. Nikajua kuna jambo, na kwamba mimi ndiye niliyetumwa kucheza nje tena.

Sikuomba radhi kwa jambo nisilolijua. Mlango alinifungia, lakini ua ulikuwa wazi upande wa bahari, maana ukuta niliuvunja mwenyewe. Nikaingia na vibarua kuanza kuchimba mahali pa miguu. Mama akatoka na mkeka, akautandika pale pale tulipotaka kuchimba, akakaa, akaanza kusuka ukili. Hakunisalimu wala hakunifukuza. Vibarua wakaweka majembe chini. Nani atamchimba Bi Mwanamkisi? Siku ya pili vile vile. Ukili ukawa mrefu wa kuzunguka nyumba. Nikamwendea Fundi, nikamwuliza Mama anataka nini. Akasema yeye ni fundi, hakutumwa kusema.

Siku iliyofuata nikaenda peke yangu, na kigingi na kamba. Mama akaniuliza, bila ya kuinua uso, guu langu lafika wapi. Nikapiga kigingi kumwonyesha: futi tano kutoka ukutani. Akanyosha mkono, akakichomoa, akakichomeka karibu na ukuta. Akasema halipiti hapa. Nikakirudisha pangu. Akakirudisha pake. Tukafanya hivyo mara tatu, watu wazima wawili, mmoja ana kamba na mmoja ana ukili. Mara ya tatu nikachukua futi yangu ya mbao nikapima. Alikuwa amekirudisha pale pale, hakikuzidi nusu inchi. Dada, mkaidi hukichomeka kigingi popote, mradi usishinde. Anayekirudisha mahali pamoja mara tatu bila ya kupima, huyo ana kipimo chake.

Nikachutama mbele yake, nikamwuliza swali moja, naye akanijibu. Swali na jibu lake nakuwekea mwisho, kwa sababu hapo ndipo nilipo na neno na wewe. Kwanza niumalize ukuta.

Nilirudi nyumbani nikaufuta mchoro wa kile kipande, futi kumi na mbili. Mtu aliyekaa kitako akinyimwa nafasi ya kunyosha miguu, anafanya nini asianguke chali? Anaweka mkono nyuma. Basi pale ukuta wangu hauna miguu, una mkono. Nimeusogeza msingi upande wa bahari, futi nne nje ya mstari, na nguzo za huko nimezishindilia kwa kuinamisha, vichwa chini ya ukuta na ncha zimekwenda baharini, zipokee msukumo kama mkono unavyopokea. Za upande wa nchi zimesimama wima kwenye mstari wa kigingi cha Mama, hazikuupita. Hizo hazibebi, zinavuta, kwa hiyo nimezifunga na zege kwa nondo zisichomoke. Nguzo ni mara mbili ya zile za mchoro wa kwanza. Na tulipozishindilia hizo za nyuma nikaamuru nyundo isinyanyuliwe juu, iwe mapigo mafupi mafupi. Vibarua wakalalamika kuwa kazi ya asubuhi moja inakuwa ya wiki. Nikawaambia iwe.

Lakini futi nne hizo ziko ufuoni, na ufuo ni wa serikali. Sikuomba ruhusa, kwa sababu anayeomba ruhusa huulizwa sababu. Karani akaniletea agizo: ukuta ulioruhusiwa kwenda sawa umetoa pua, nieleze kwa maandishi kwa nini, au niikate. Nikaenda mwenyewe. Bwana DC hakuwa mtu wa ukali, alinipa kiti. Nikamwambia nchi ya pale hainipi nafasi ya kunyosha ukuta. Akauliza kuna nini pale, mwamba? Nikasema kuna udongo usiochimbwa. Akasema udongo wote huchimbwa. Nikasema huo hauchimbwi. Akanitazama, akasema basi niandike hivyo hivyo na sababu yake, atapeleka juu, huenda ikakubaliwa. Na kama siandiki, pua ikatwe baada ya Maulidi.

Siandiki. Nimeshamwambia, na nakwambia na wewe kwa sababu najua shemeji ana watu katika maofisi ya huko. Usinitafutie mtu. Nisiombewe, nisisemewe, isipelekwe barua ya huruma. Sababu ile haikai katika faili la mtu. Wakitaka kuja na nyundo, waje; mimi najua nyundo inavyonyanyuliwa, na watanikuta nimekaa juu ya hiyo pua. Na wakitaka hesabu, hesabu ninazo: bamvua kubwa ya mwisho wa kusi imeshapita, maji yakapiga mpaka mlango wa jirani, nikatundika timazi kila kipande. Vipande vyenye miguu vimeinama robo inchi, kama nilivyovipigia hesabu. Kile chenye mkono hakikuinama. Na ua wa Mama haukupoteza hata chembe ya mtanga.

Fundi Bwanamkuu nimemwomba radhi. Si kwa amri yako. Nimemwomba barazani, mbele ya wale wale waliocheka, nikasema hakuiba na kwamba mimi ndiye niliyekosa adabu. Nilipomaliza nikamwambia ukuta wake ulikuwa mbovu vile vile. Akasema alijua, lakini angemjibu nini yule aliyemwomba? Kisha akamwagiza Fadhil anipe kahawa.

Sasa swali. Nilipochutama mbele ya Mama sikumwuliza kwa nini. Kwa nini ni swali la mtu anayetaka kushinda. Nilimwuliza kilichopo hapo kina ukubwa gani. Akauweka ukili mapajani, akainua mikono yake miwili, akaiweka mbali kidogo, kama mtu anayeonyesha samaki sokoni, ila uso haukuwa wa sokoni. Dhiraa moja. Pengine kasoro. Mikono ikakaa hewani hivyo, Dada, naye hakujua kuwa bado ameiinua.

Akanieleza kwa maneno machache. Mtoto wa kike. Hakufika siku arubaini, na kwa ada ya wakati ule aliyekufa kabla ya arubaini hakupelekwa makaburini, alibaki nyumbani kwa mamake. Baba alikuwa safarini, kisiwani Faza. Bwanamkuu, kijana wakati ule, alikuwa amekuja kutengeneza birika la maji; ndiye aliyechimba, ndiye aliyesawazisha udongo asijue mtu, na ndiye Mama aliyemwendea, nilipokuwa Mkokoni, akamwomba akate miguu ya ukuta bila ya kusema sababu kwa yeyote. Akakubali kuitwa mwizi. Na Mama akaongeza, kama mtu anayeongeza chumvi, kuwa Tima yuwajua, yeye ndiye aliyeshika kopo la maji.

Hilo ndilo neno nililo nalo na wewe. Ulikuwa na miaka minane, sikulaumu kwa ya siku ile. Nakulaumu kwa mistari minne. Ulijua nitachimba. Ulijua chini ya jembe langu kuna nini. Ungeweza kuniandikia: Jeilani, hapo yupo ndugu yetu. Maneno matano tu, na yangetosha mstari mmoja. Badala yake ukaniandikia nisiulize. Wewe na Mama na Fundi mlikuwa tayari nyumba nzima iende baharini, na yeye pamoja nayo, kuliko kuniambia mimi, mtu pekee katika mtaa huu anayeweza kumwekea ukuta. Mlidhani nitachimba tu, kwa sababu namba zimesema chimba. Namba hazisemi chimba, Dada. Namba zinauliza una nafasi gani, kisha zinakutafutia njia.

Mlango umefunguliwa. Ijumaa Mama alinipakulia mwenyewe mkate wa mofa na samaki wa kupaka, akakaa kunitazama nikila kama nilivyokuwa nikitazamwa utotoni. Hakulirudia lile jambo, nami sikumrudisha. Ila kuna kitu hakukitaja, na sikuwa na uso wa kumwuliza mara ya pili. Aliyeishi siku saba hupewa jina, na yeye zilizidi saba. Wewe ulikuwepo alipopewa. Niandikie jina lake. Sitalichonga ukutani wala sitalitamka barazani. Kila asubuhi mimi hupita pale na timazi yangu kuuangalia ukuta, na nimechoka kusimama mbele ya mtu nisijue namsalimia nani.

Kadija anakusalimu, na anasema kitambaa ulichomletea kimeshakuwa nguo. Mama anakusalimu na anataka kujua kama goti linakuruhusu kusafiri, Maulidi si mbali. Uje ukae uani, ni mkavu sasa. Fundi Bwanamkuu anakusalimu, hakusema zaidi. Mimi sijaacha kukasirika, lakini chumba chako nimeshakipaka chokaa.

Ni mimi nduguyo,
Jeilani bin Barka,
mtoto wa tatu wa Bi Mwanamkisi.